Mtambo wamezima, mama ntilie je?

Mi sina ugomvi na watu wa mazingira, makaa ya mawe yaachwe tu, moshi wake unaua. Ila kila wakianza kuongea habari za "mpito wa haki", yaani kuachana na makaa bila kuwaumiza wanaoishi kwa kazi zake, naombaga wanieleze kwanza kuhusu Komati.

Komati ni kituo cha umeme wa makaa kule Mpumalanga, Afrika Kusini, kilianza kuzalisha 1961, na 31 Oktoba 2022 wakazima mtambo wa mwisho. Benki ya Dunia ikaleta mpango wa dola milioni 497, pafungwe sola, upepo na mabetri na watu wafundishwe kazi mpya. (Ruzuku humo ni milioni 10 tu jamani, zilizobaki mkopo, watalipa Waafrika Kusini haohao.)

Sasa waajiriwa wa Eskom wenyewe, shirika la umeme lenye kituo, wengi walihamishiwa vituo vingine, mshahara ukaendelea. Walioachwa kwenye mataa ni watu wa kontrakta, wale wa usafi, wa ulinzi, mafundi wa kuchomelea wanaoitwa mtambo ukiharibika, mkataba umeisha basi umeisha. Na kuna wengine hawapo kwenye karatasi yoyote, mwenye vyumba viwili vya uani anavyopangisha, mama anayeuza chakula getini shifti ikitoka, huyo kufukuzwa kazi hafukuzwi, anashangaa tu sufuria inarudi nyumbani imejaa. Utamlipa kiinua mgongo gani na hakuwahi kuajiriwa?

Halafu walizima kwanza ndo wakaanza kuhangaika kujenga. Na hata hiyo sola yenyewe, ajira nyingi ni wakati wa kufunga, ikishafungwa wanabaki walinzi na mafundi wachache, kwahiyo unampa mtu cheti cha kufunga paneli halafu paneli za kufunga ziko wapi?

Na sisi Tanzania tusicheke. Makaa ya Ngaka, Mbinga, yanachimbwa leo hii na malori yanateremka nayo mpaka bandari ya Mtwara, siku wateja wa nje wakisema basi itakuwaje? Dereva ana namba ya mwajiri. Fundi pancha wa njiani, dada wa gesti, muuza chipsi pale malori yanapolala, nani kawaandika? Mi ningeanzia hapo, na orodha waiandike wenyeviti wa vijiji na mitaa wanaowajua hao watu kwa majina, maana mshauri wa kutoka Dar atawahesabu wenye kitambulisho cha kazi na kupanda gari kurudi.