Mauna Kea, kwa Kodi ya Dola Moja

Theluji ikianguka Mauna Kea, wenyeji wa Hawaii hupanda na pikapu, wakaijaza kwa sepetu, wakateremka nayo mbio hadi ufukweni watoto waichezee kabla haijayeyuka. Kwa mita 4,207 mlima huu haumfikii Kilimanjaro, lakini ukiupima tangu kitako chake chini ya bahari unapita mita 10,000. Ni volkano iliyolala yapata miaka 4,500.

Ugomvi ni darubini ya TMT (Thirty Meter Telescope) inayotakiwa kujengwa huko juu: kioo cha upana wa mita 30, jengo la kimo cha ghorofa 18, mahali penye vituo vingine zaidi ya kumi.

Wanaastronomia hawabahatishi. Mvuke wa maji humeza mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, na kilele hiki kiko juu ya mawingu, hewani pakavu. La Palma, katika visiwa vya Canary, ndiyo mbadala, ila ni karibu nusu ya kimo hicho.

Wapinzani huanza na Poliʻahu, mungu wa kike wa theluji, na makaburi ya wahenga. Wengine waliongeza wekiu, mdudu mdogo kama punje ya mchele anayekula wadudu waliopeperushwa na upepo wakagandia kileleni. Hapo walinipoteza kidogo: mwaka 2011 Marekani ilimwondoa katika orodha ya viumbe wanaosubiri kulindwa.

Hoja iliyonishika ni ya ardhi. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa 1893, visiwa vikatwaliwa na Marekani 1898, ardhi ya taji ikaenda na maji. Tangu 1968 chuo kikuu cha jimbo kimekodi kilele, sehemu ya ardhi hiyo, kwa dola moja kwa mwaka, hadi 2033. Kibali cha TMT kilifutwa na mahakama Desemba 2015 kwa kuwa kilitolewa kabla wapingaji hawajasikilizwa. Kikapita tena 2018. Julai 2019 wazee walikaa barabarani na viti vyao kuzuia ujenzi, zaidi ya thelathini wakakamatwa. Ukishamkamata bibi wa watu, habari za infraredi nani atazisikiliza?

Sheria ya 2022 imeunda mamlaka mpya yenye viti vya wenyeji, ya kupokea usimamizi kutoka chuo kikuu. Nayo Caltech, chuo kikuu cha California, imekwisha kubomoa darubini yake moja kileleni na kusawazisha kokoto za volkano ilipokuwa imesimama.