Daftari la Luteni King na Daftari la Babu Yangu

Wiki iliyopita, katika Maktaba ya Jimbo la New South Wales hapa Sydney, nilikuwa nikisoma shajara ya luteni wa jeshi la majini la Uingereza, na nilipokwama kwenye neno moja lililofifia, mhudumu aliacha kazi yake akaja tukalisoma pamoja, herufi kwa herufi. Neno lenyewe lilikuwa la kawaida tu, lakini nilitoka pale nikiwa na furaha iliyochanganyika na uchungu.

Luteni huyo, Philip Gidley King, aliingia baharini akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1788, majuma machache baada ya merikebu 11 za Waingereza kuwasili huku, alitumwa na watu wasiozidi 25, wengi wao wafungwa, kwenda kuanzisha makazi katika kisiwa cha Norfolk, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Sydney. Serikali yake ilitaka kitani cha kushonea matanga na misonobari ya milingoti. Misonobari haikufaa, na kitani hakuna aliyejua kukisokota. Afisa aliyefunzwa kupima nyota na upepo akajikuta mkulima, hakimu na mgawaji wa unga, na bado aliendelea kuandika: upepo umevuma kutoka wapi, kimepandwa nini, panya wamekula kiasi gani, nani kaadhibiwa.

Babu yangu naye alikuwa mtu wa bahari. Alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka boriti za Lamu Ghuba kwa kusi na kurudi na tende kwa kaskazi, na kila safari aliiandika katika daftari lenye jalada la kitambaa cheusi. Alipofariki, daftari liliwekwa juu ya kabati. Nilipolitafuta, mchwa walikuwa wamelimaliza, isipokuwa kurasa mbili ambazo jirani alifungia njugu. Nikaenda katika ofisi moja kuomba rejista ya majahazi ya miaka ile. Faili halionekani, nirudi kesho. Nilirudi mara nne.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba nimekaa ugenini nikajiona, kwamba nawasifu wakoloni waliowanyang'anya Wagadigal ardhi hii ninayoishi. Siwasifu hata kidogo. Shajara hizi ndizo zinazowashtaki wenyewe. Mwaka 1793 Wamaori wawili, Tuki na Huru, walitekwa kwao New Zealand na kuletwa Norfolk ili wawafundishe wafungwa kusokota kitani, kwa kuwa King ndiye aliyeomba waletwe. Kumbe kwao kazi hiyo ni ya wanawake, na wao walijua kidogo mno. Waliishi nyumbani kwake miezi kadhaa, Tuki akamchorea ramani ya nchi yake, na mwishowe King akawarudisha mwenyewe kwa merikebu bila ruhusa ya mkuu wake, akakaripiwa. Dhuluma hiyo tunaijua kwa sababu iliandikwa na maandishi yakatunzwa, na ramani ya Tuki ipo hadi leo. Sisi tumepoteza hata ushahidi wa tuliodhulumiwa.

Wengine watasema sisi ni watu wa masimulizi, tusipimwe kwa karatasi. Hilo nalikataa kwa moyo wote. Pwani yetu iliandika tenzi kwa hati za Kiarabu kabla Sydney haijawa na nyumba hata moja ya Mzungu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakumbuka na kuyaandika kwa ajili ya mmisionari Taylor, na nakala hizo ziko London. Uandishi tulikuwa nao. Kilichotushinda ni kabati lisiloingia mchwa na mtu wa kulilinda.

Wala msinambie ni umaskini, maana ofisi ile ilikuwa na zulia jipya na viyoyozi viwili.

Mjomba wangu anasema lipo daftari jingine, la safari za mwisho za babu, ndani ya sanduku la mbao kwake Lamu. Nimemwomba asilitoe juani wala asimwazime mtu. Nitafika Desemba, kaskazi ikiwa imeanza, nikiwa na kamera na bahasha za karatasi zisizo na asidi nilizonunua hapa, na tutalifungua pamoja.