Kwa jua la Dodoma, nipe lavenda yenye matunda

Daladala ya Mtumba, saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa kumi. Ukifungua dirisha unakula vumbi, ukifunga unakula unyunyu wa jirani. Juzi tulifunga. Njiani akapanda kaka mmoja, suti ya bluu imenyooka, mwilini amejimwagia udi ule mzito wa kuingilia ukumbini usiku. Mpaka tunashuka ilikuwa kama tumepelekwa harusini bila kadi. Mama aliyekaa mbele yangu alifunika pua kwa mtandio na hakuufunua tena.

Sina ugomvi na udi. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nyumbani Ijumaa haikupita bila chetezo, na mpaka leo kanzu yangu ya sikukuu lazima ifukizwe. Lakini udi una saa yake na una hewa yake. Serikali ilipohamia huku nami nikahamia nayo, nilikuja na chupa zangu za pwani, na ilinichukua kiangazi kizima kukubali kwamba zinanifedhehesha. Kwa mchana wa Dodoma, hasa kuanzia Septemba mpaka mvua zianze Desemba, nimeshaamua: lavenda, tena iwe tamu, tena iwe na matunda. Mengine yasubiri magharibi.

Najua mtakachosema, maana mke wangu alikisema kwanza: "Hii si sabuni ya kudekia?" Ni kweli tumekutana na lavenda vibaya. Wengi wetu hatujawahi kuliona ua lenyewe. Tumeijulia kwenye dawa ya kusafishia choo, kwenye sabuni ya unga ya zambarau, kwenye kile kikadi kinachoning'inia kwenye kioo cha teksi. Kwa hiyo pua ikiipata tu, akili inakimbilia ndoo na dekio. Kuna sababu. Wenye viwanda vya sabuni hupendelea lavandini, chotara wa lavenda, kwa kuwa hutoa mafuta mengi na kwa bei nafuu. Chotara huyo ana kafuri zaidi, na kafuri kwetu tunaijua inatumika wapi. Lavenda yenyewe, ile ya milimani Ufaransa na ya Bulgaria, ni laini kuliko hivyo.

Tena si mgeni kama tunavyomfanya. Lavenda ni ukoo mmoja na rehani, mnanaa na kivumbasi. Zile chembe zinazoipa harufu yake tulivu, linaloli, zimo pia kwenye rehani. Mtu wa pwani akiniambia lavenda ni mambo ya Wazungu, namuuliza bibi yake alikuwa anafunga nini kwenye kikuba pamoja na asumini. Ananyamaza. Na huku bara kivumbasi kinaota pembeni mwa njia na hakuna anayekiita cha Ulaya.

Kasoro ya lavenda ikiwa peke yake ni ukavu. Pwani ukavu huo ungekuwa faraja, lakini hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua ni ya msimu mmoja, midomo inapasuka, na mtu anaamka asubuhi koo limekauka kama kibuyu. Ukavu juu ya ukavu unachosha. Hapo ndipo matunda yanapohitajika. Lavenda yenye peasi au pichi inapata majimaji. Unaisikia kama mtu kapita na kikapu cha matunda yaliyooshwa sasa hivi.

Nilivyoipata yangu ni hadithi fupi. Karibu na Soko la Majengo kuna kijana anayeuza pafyumu za kupima, zile za mafuta, anakuchotea kwa bomba la sindano. Nikamwambia nataka kitu cha mchana kisicho na kelele. Akanipa kadi ninuse: "Hii hapa mzee, lavenda na pera." Nikanusa, nikanusa tena. Mapera nayajua, nimeyaiba sana utotoni, na humo hamkuwa na pera hata moja. Kumbe kwenye karatasi yake kumeandikwa kwa Kiingereza tunda ambalo sisi ni peasi, lile la Lushoto, naye kalitafsiri kwa sikio. Tukacheka, nikachukua mililita tatu kwa hela ya sahani ya wali kuku.

Kitu kimoja alichoniapia sikumkubalia: kwamba ni "asilia mia kwa mia". Chungwa, ndimu na bergamoti maganda yake yana mafuta na hukamuliwa. Peasi na pichi hazikamuliwi marashi. Harufu zake za kwenye chupa zimetungwa maabara, za bei ghali na za bei rahisi sawasawa. Sioni aibu yoyote hapo. Nachukia kuapiwa tu.

Anayetaka kupima ninachosema kwenye chupa zinazojulikana, atafute Cloud ya Ariana Grande, ya mwaka 2018. Imeanza na lavenda na peasi, kisha inakuja nazi na karanga za sukari, yaani kashata kabisa. Inapendeza, ila kwangu saa nane mchana kashata ile inaanza kunata. Libre ya Yves Saint Laurent, ya 2019, inaiweka lavenda pamoja na maua ya mchungwa na vanila. Hiyo ningemnunulia mtu ninayempenda, na ningemwomba aivae jioni. Kwa mchana nataka tunda liwe mbele na sukari ibaki nyuma.

Ofisini walinipokea kama nilivyotarajia. "Leo umebeba chupa ya shemeji?" Siku ya pili nikaitwa Mama Peasi. Wanaume wenzangu wana hofu ya ajabu na tunda. Mtu anaweza kunukia moshi, ngozi na petroli, lakini akinukia peasi anahisi atanyang'anywa kitambulisho. Na lavenda ndiyo imebeba marashi ya kiume tangu zamani! Fougère Royale ya Houbigant, ya mwaka 1882, ilijengwa kwa lavenda na ile harufu ya majani makavu iitwayo kumarini, na kutoka hapo likazaliwa kundi zima la marashi ya vinyozi. Mwaka 1934 Caron wakatoa Pour un Homme, lavenda na vanila, na jina lenyewe maana yake ni "kwa mwanamume". Niliyasema haya wakati wa chai. Waliendelea kuniita Mama Peasi, lakini wawili waliniuliza pembeni kijana wa Majengo anakaa upande gani.

Lawama kubwa ni kwamba haikai. Haikai, kweli. Nikijipulizia saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa tano tunda limeondoka, na saa saba kimebaki kivuli cha lavenda kwenye kola. Chembe za lavenda na za matunda ni nyepesi, zinaruka mapema, na joto linazisukuma ziruke haraka zaidi. Ngozi kavu nayo haizishiki. Lakini mimi naona huo ndio uzuri wake. Wahenga walishasema kibaya chajitembeza, na pafyumu inayotangulia kuingia mlangoni kabla ya mwenyewe, ikabaki kwenye lifti baada ya mwenyewe, mnajua iko upande gani wa methali. Kwenye kikao cha watu 12, feni moja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, mtu muungwana ananukia kwa anayempa mkono tu. Mwingine aliyeko mwisho wa meza hakuomba.

Kama unataka ikae kidogo, paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kisha weka tone kifuani chini ya shati. Si shingoni wala mikononi, kama ni mafuta ya kupima usiyojua yaliyomo. Bergamoti ambayo haijasafishwa ikipigwa jua inaweza kuunguza ngozi na kuacha baka, na jua la hapa halina utani. Mimi naweka pia tone moja kwenye leso. Saa saba naitoa kujifuta jasho, na peasi inarudi dakika mbili tatu.

Kuna gharama moja sijaipatia dawa. Mchana tunakula chini ya mwarobaini, na tangu nianze huu mchezo nyuki wamenizoea. Hawaumi, wanazunguka tu, wanakagua kola, wanaondoka. Dada anayetuuzia chakula anadai ndiyo maana meza yangu wateja wamepungua, anataka nikae mwisho. Nimekubali kukaa mwisho. Mililita tatu zimeshaisha, sasa niko kwenye sita, na mawinguni hakuna hata dalili ya mvua.