Misimu Minane Kabla ya Pigo Moja

Video ile nimeirudia mara nyingi mno. Ni tarehe 26 Aprili 2017, uwanja wa PNC Park mjini Pittsburgh. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini anashika gongo kwa mara ya kwanza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Anayemrushia ni Jon Lester wa Chicago Cubs, na Lester si mtu wa mchezo. Gift anaupiga mpira, unapita katikati, naye anakimbia mpaka kituo cha kwanza. Kabla yake hakuna mzaliwa wa Afrika aliyewahi kucheza ligi ile.

Wengi wakimtaja huishia hapo. Mimi kinachoniuma ni misimu minane iliyotangulia.

Gift alikulia Randburg, jirani na Johannesburg, katika chumba kwenye klabu ya besiboli ambako mama yake, Maureen, alikuwa akifanya kazi. Ukitoka mlangoni, uwanja huo hapo. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008, akiwa na miaka 18, na safari ya kupanda ngazi ikaanza. Kwenye soka kijana wa miaka 17 anaweza kuamka akakuta jina lake kikosi cha kwanza. Besiboli ni nadra. Kila klabu kubwa ina timu zake za chini, kutoka Single-A hadi Double-A, kisha Triple-A, na kijana anapanda moja baada ya nyingine, mradi asiumie wala asipitwe na mdogo wake. Kuanzia 2013 hadi 2015 Gift alichezea Altoona, timu ya Double-A. Kutoka Altoona hadi Pittsburgh ni kama saa mbili tu kwa gari. Mwaka huohuo wa 2013 Maureen alifariki, miaka minne kabla ya lile pigo.

Mvumilivu hula mbivu, tunasema. Sawa, lakini wakati anasubiri ziive anakula nini? Kabla ya 2021, kima cha chini cha mshahara Double-A kilikuwa dola 350 kwa wiki, tena wiki za msimu tu. Mazoezi ya kabla ya msimu hayakuwa na mshahara. Vijana walilala wengi katika nyumba moja, na msimu ukiisha wakatafuta vibarua. Mwaka 2018 Bunge la Marekani likapitisha kipengele kilichowanyima malipo ya saa za ziada, kikiwa kimechomekwa ndani ya muswada wa bajeti wenye kurasa zaidi ya 2,000. Hilo nalihesabu kuwa dhuluma. Klabu zilizokuwa na mamilioni ziliuita umaskini wa vijana hawa mafunzo.

Afadhali mwaka 2023 wachezaji wa ligi ndogo walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja kupitia chama chao. Kima cha chini Double-A kilipanda kutoka dola 13,800 hadi 30,250 kwa mwaka. Anayesema ni nyingi ajaribu kulipa kodi ya nyumba Marekani kwa fedha ile ya zamani.

Bado kuna kundi lililoachwa nje, na linatuhusu sisi wa huku. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Kwa vijana wanaotoka nje ya Marekani, ngazi ya kwanza mara nyingi huwa Jamhuri ya Dominika, ambako klabu zina kambi zao. Mkataba wa 2023 haukuwahusu wachezaji wa kambi zile. Yaani aliyetoka mbali kuliko wote, asiye na ndugu wa kumkimbilia akiishiwa, ndiye aliyebaki nje ya mlango. Mkataba huo ni wa miaka 5. Chama kitakaporudi mezani, vijana wa Dominika wawe ajenda ya kwanza.