Ndoo ya maji kichwani ni mazoezi?

Alfajiri ya Jumamosi, Dar es Salaam, hasa pande za Temeke na Mbagala, huamshwa na jogingi. Watu wamevaa fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia kama mchakamchaka wa shule ya msingi, na nyuma yao gari la spika linawakinga na daladala. Njiani wanapishana na watu waliotoka jasho kabla yao: kuli anayesukuma mkokoteni kwenda sokoni, mama anayerudi na ndoo kichwani. Ukiuliza mtaani nani hapo anafanya mazoezi, kila mtu atakuonyesha wenye fulana. Ukiwauliza watu wa takwimu watakwambia wote, na huenda mama wa ndoo ndiye anayeongoza.

Kipimo chao ni dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) liitwalo GPAQ. Linauliza mambo ya wiki ya kawaida katika mafungu matatu: kazi, safari za miguu au baiskeli, na burudani. Kila dakika ya shughuli ya wastani huzidishwa kwa 4, ya nguvu kwa 8. Ukifikisha alama 600 kwa wiki, umefaulu. Sasa piga hesabu. Mama anayetembea nusu saa kwenda kuchota maji na nusu saa kurudi, kila siku, ana dakika 420, yaani alama 1,680. Karani wa benki anayekimbia saa moja na nusu kila Jumamosi ana 720. Wote wamefaulu, na aliyempita mwenzake zaidi ya mara mbili pengine hajawahi kumiliki raba.

Ndiyo maana makadirio ya dunia ya mwaka 2016, yaliyochapishwa 2018, yaliiweka Uganda miongoni mwa nchi zenye watu wachache kabisa wasiojishughulisha vya kutosha: takriban asilimia 5.5 ya watu wazima. Kuwait ilikuwa na asilimia 67, na wastani wa dunia ulikuwa 27.5. Waganda hawakufika hapo kwa jogingi. Wanalima, wanatembea, wanabeba.

Kuna watu wanaocheka takwimu hizi, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini upande wa pili una hoja nzito. Misuli haijui kama unatembea kwa shida au kwa raha, na moyo unaosukuma damu shambani ni uleule unaosukuma damu ufukweni Coco Beach. Dodoso ambalo lingehesabu michezo peke yake lingewatangaza wakulima wote wa Rukwa kuwa wavivu, jambo ambalo ni tusi na pia ni uongo. Zaidi ya hapo, kuhesabu kazi na safari ndiko kunakowezesha kuona kinachopotea mtu anapohamia mjini: jembe anaacha, bodaboda anapanda, kitambi kinaanza. Bila fungu la kazi, mabadiliko hayo yasingeonekana popote hadi mtu afike kliniki ya presha.

Tatizo linaanza pale namba hiyo inapogeuka sifa. Watafiti wa Denmark, Andreas Holtermann na wenzake, wamekuwa wakieleza tangu muongo uliopita kwamba jasho la kazi halileti faida ileile ya jasho la mapumziko. Anayenyanyua mizigo saa nane mfululizo hapumziki anapochoka. Mapigo ya moyo na presha yake vinabaki juu siku nzima, na kesho yake hivyohivyo. Wengine wanapinga, wakisema huenda kinachoonekana hapo ni umaskini na sigara tu. Ubishi haujaisha. Hata hivyo kuli wa Kariakoo anayelala na mgongo unaouma hahitaji kuambiwa kwamba amefaulu mtihani wa mazoezi.

Halafu kuna kukumbuka. Dodoso lilitaka shughuli isiyopungua dakika kumi mfululizo, ingawa mwongozo wa WHO wa 2020, unaoshauri dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, umeliondoa sharti hilo. Nani analima huku akitazama saa? Na neno “wiki ya kawaida” lina mtego wake: mtu wa jogingi hutaja wiki aliyokimbia, si zile tatu alizolala.

Kwenye kampeni zetu mambo ni kinyume: kazi haihesabiwi, na mazoezi yenyewe hayahesabiwi vizuri pia. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Zanzibar vikundi vya mazoezi ya viungo hukusanyika kila tarehe 1 Januari. Taarifa zinazofuata huwa za namna moja: nani alikuwa mgeni rasmi na umati ulikuwa mkubwa kiasi gani. Anayekimbia mara moja kwa mwezi ana picha nzuri na mguu unaouma, basi.

Nisiwaonee, lakini. Klabu za jogingi zimefanya ambalo mabango ya wizara hayakuliweza. Zina michango ya misiba, zinatembelea wagonjwa, na usipotokea wiki mbili mtu anakuja kugonga mlango. Hiyo ndiyo dawa inayomrudisha mtu barabarani. Kigali nao wamepata njia yao: tangu Mei 2016 baadhi ya barabara hufungwa kwa magari Jumapili fulani, watu wanakimbia, na pembeni wanapimwa presha na sukari bure. Pale umati unaacha angalau daftari la vipimo.

Simu zinazohesabu hatua, zenye lengo la hatua 10,000 kwa siku, nazipita haraka. Namba hiyo ilitoka kwa kampuni ya Japani iliyouza kipima hatua mwaka 1965, si maabara. Simu yangu huniongezea hatua nikiwa ndani ya bajaji kwenye barabara ya mashimo.

Kwa maoni yangu dodoso libaki kwa ajili ya nchi nzima, lakini kila fungu lisomwe peke yake, maana kujumlisha ndoo na raba ndiko kunakotudanganya. Mtaani tuache kupima watu, tupime njia. Mtendaji wa mtaa asimame barabarani saa kumi na mbili asubuhi, ahesabu wanaotembea, na wangapi wanashuka kwenye lami kwa sababu gari limeegeshwa njiani au mtaro hauna mfuniko. Arudi saa moja usiku, ahesabu wanawake waliobaki mahali pasipo taa. Aandike viwanja vya wazi vilivyopo, na vilivyokuwepo. Kazi yenyewe ni ya siku mbili na daftari la kurasa 48.