Gari limelala langu, limeamka la mtu mwingine

Alhamisi iliyopita, saa kumi alfajiri, nilikuwa nampeleka mama mmoja eapoti hapa Minneapolis. Mama Msomali ila kakulia Eastleigh, Nairobi, kwa hiyo Kiswahili kinamtoka vizuri tu, tunapiga stori za bei ya nyama ya mbuzi, barabara nyeupe, baridi ya kufa mtu. Wanaoijua I-94 wanaijua ile kona ya kuingilia handaki la Lowry Hill, barabara inajikunja ghafla na vibao vinakuambia punguza mwendo. Mimi nikapunguza, na batani yangu kwenye usukani nilishaibonyeza mara moja kama ninavyoibonyeza siku zote, mara moja basi, gari langu la umeme linashika mwendo na linashika leni lenyewe, mikono yangu iko pale kiulaini tu kama mtu aliyemshika mtoto mkono sokoni.

Tumefika kwenye kona gari halikati. Linanyooka na ukuta.

Nikauvuta usukani kwa nguvu, taili zikapiga ule mlio wake, tukarudi ndani ya mstari. Nyuma kimya. Halafu mama akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, uko macho?" Nikamjibu niko macho mama, gari ndo limelala. Hakucheka.

Nilipomshusha nikapaki pembeni nikaanza kupekua skrini. Kumbe usiku wakati mimi nakoroma gari lilikuwa linajiapdeti, yaani linajiwekea programu mpya, kwenye wifi ya nyumbani. Batani ileile, pale pale ilipo, sasa ukiibonyeza mara moja linashika mwendo peke yake, ukitaka na leni lazima uishikilie mpaka ilie. Na wameandika kweli, siwezi kusema wamenificha, wameandika huko chini kabisa baada ya habari ya gemu mpya na rangi za taa za ndani, sentensi moja, "tumeboresha namna ya kuwasha usaidizi wa uendeshaji". Wameboresha.

Kampuni siitaji, na kabla hujauliza, si Tesla. Ukikaa na madereva wa magari ya umeme wa kampuni yoyote utazisikia hizi stori, ndo maana naandika.

Watu wengi wakisikia dereva analalamikia haya mambo wanadhani analalamika kwamba gari linakosea. Mimi kukosea sina shida nako. Programu ya zamani ilikuwa na makosa kibao na nilikuwa nayajua yote kama ninavyojua tabia za mjomba wangu. Kuna daraja fulani, jua likiwa la saa tisa alasiri kivuli chake kikilala barabarani, gari linaona kama kuna kitu linapiga breki, basi mimi nikikaribia pale mguu uko tayari. Kwenye njia za kutokea haiwei, pale leni inapopanuka, lilikuwa linavutika kulia kama punda aliyeona majani, nalo nilishalizoea, nalishikilia kidogo linapita. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wazee walisema. Sasa hawa jamaa wanakubadilishia zimwi kila baada ya wiki kadhaa. Wametengeneza lile la darajani, sawa, asanteni, lakini siku hizi gari linasitasita kwenye barabara yenye chumvi ya theluji, kitu ambacho halikuwahi kufanya. Nani atanilipa ile miezi minane niliyotumia kulisoma?

Maana kuendesha hakuko kichwani tu. Mguu una kumbukumbu yake, kidole gumba kina kumbukumbu yake, ukishafanya kitu mara elfu mwili hauulizi tena. Mtu akija usiku akahamisha maana ya batani, mwili wako hajauambia.

Na haya si ya kwangu peke yangu. Mei 2021 Tesla walitangaza kwamba Model 3 na Model Y za Marekani Kaskazini zitatoka bila rada, kamera tupu, na kwa muda baadhi ya uwezo ukapunguzwa, hata mwendo wa juu wa Autosteer, ile ya kushika leni, ukawekewa kikomo cha maili 75 kwa saa. Oktoba mwaka huohuo wakatoa toleo la 10.3 la programu yao ya majaribio ya kujiendesha, magari yakaanza kupiga kelele za "unagonga mbele" wakati mbele hakuna kitu, mengine yakajipigia breki, wakalirudisha nyuma harakaharaka na ikabidi iandikwe rikoli, yaani wito wa kurekebisha, ya magari 11,704. Februari 2022 mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, wakafungua uchunguzi baada ya kupokea malalamiko 354 ya breki za kushtukiza. Desemba 2023 ikaja rikoli ya Tesla zaidi ya milioni mbili, na dawa yake ilikuwa nini? Apdeti nyingine. Dereva anaamka anakuta maonyo mapya.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mwaka 2018 Consumer Reports, jarida la Marekani la kupima bidhaa, walipima breki za Model 3 wakakuta kutoka maili 60 kwa saa inahitaji futi 152 kusimama, wakaisema vibaya, siku chache baadaye apdeti ikatumwa kwa njia ya hewa, wakapima tena ikasimama kwa futi 133. Futi 19 zimepatikana bila kwenda gereji, bila fundi kushika spana. Hiyo ni maajabu na mimi ningeipokea kwa mikono miwili. Ila fikiria vizuri, kama mtu anaweza kukupa futi 19 za breki ukiwa umelala basi anaweza pia kukuchukulia, na wewe utazijua ukishakaribia taili la lori la mbele yako.

Wachina wameshtuka. Machi 2025 gari la umeme la Xiaomi SU7 lilipata ajali mkoa wa Anhui, wanafunzi watatu wakafa, na usaidizi wa uendeshaji ulikuwa umewashwa muda mfupi kabla. Mwezi uliofuata wizara yao ya viwanda iliwaita watengenezaji wa magari ikawabana, matangazo ya kujisifia na hizi apdeti za kila mara zidhibitiwe. Huku Marekani kampuni inajithibitishia yenyewe kwamba gari linafuata viwango, hakuna ofisi inayokagua kwanza apdeti kabla haijaingia kwenye gari lako.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ukisoma kitabu cha gari, kila ukurasa wa pili wanakukumbusha wewe ndo dereva, wewe ndo mwenye dhamana, mikono kwenye usukani macho barabarani, ikitokea ajali ni juu yako. Sawa kabisa, nakubali. Haya, kama dereva ni mimi, mbona nabadilishiwa chombo mimi sipo? Hata daladala ya tajiri, akibadilisha klachi anamwambia dereva, "klachi mpya hiyo, iko juu kidogo, angalia". Maneno saba tu. Mimi nataka hayo maneno saba, nataka niambiwe kabla gari halijaondoka, kwa herufi kubwa, batani hii jana ilikuwa vile leo iko hivi, na nisipopenda nirudi nilikotoka.

Baba mdogo wangu Tabata ana Toyota IST, ile uliyoizoea, imetoka Japani na redio yake. Kila akiwasha, yule dada wa Kijapani wa kwenye spika anasema maneno yake, miaka yote hiyo, kumbe anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, kadi ambayo haipo na barabara yenyewe iko Japani. Tulikuwa tunamcheka. Siku hizi namkumbuka kwa heshima, yaani yule dada hajawahi kuamka asubuhi akasema kitu kingine.

Sasa hivi naandika hii saa nne usiku. Skrini ya gari imeniambia kuna apdeti mpya, itaanza yenyewe saa nane. Jana na juzi nilibonyeza "baadaye", leo "baadaye" haipo. Nimeenda kubadilisha paswedi ya wifi, na mke wangu yuko sebuleni anauliza kwa nini tivii imegoma katikati ya tamthilia.