Chumba cha mtoto cha mtindo wa boho: vitu vyake tunavyo hapa hapa

Roho huniuma nikiona mama kijacho anaagiza mtandaoni kikapu cha plastiki kilichotengenezwa kifanane na cha kusukwa, analipa na gharama za ndege juu yake, wakati Iringa kuna akina mama wanaosuka vikapu vya milulu vinavyodumu miaka na miaka. Vyumba vya watoto vya mtindo wa boho vimejaa kwenye simu za wazazi wa umri wangu: kuta za krimu, mbao zisizopakwa rangi, mikeka, vikapu, kamba zilizofumwa. Mimi naupenda mtindo huu kwa dhati, na naona unatufaa kuliko ule wa kuta za waridi na vibandiko vya katuni. Ninachoomba ni tusiununue kama bidhaa ngeni.

Chukua mkeka. Shangazi yangu wa Pemba anasuka hadi leo. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani mpaka yageuke meupe, huchanwa kuwa chane nyembamba, ndipo vidole vianze kazi. Unatoka ukili, utepe mrefu ambao yeye huuviringisha kadiri unavyoongezeka, na mwishowe tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka utimie. Ukipitisha kiganja juu yake unasikia kila mshono, kituta kidogo baada ya kituta. Wengi tumezoea mikeka ya nyekundu, zambarau na kijani kwa sababu chane huchemshwa kwenye rangi kabla ya kusukwa. Ukimwambia msukaji mapema, "Shangazi, nataka usiotiwa rangi," unapata mkeka wa rangi ya mchanga mkavu, na hakuna duka la ng'ambo litakalokuuzia unaoushinda. Mpe muda wa kutosha na mlipe bei anayostahili, maana kazi hii inamla mgongo na macho.

Kamba nazo tunazo. Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893 ukiletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na kamba ya katani bado unaipata katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Yale mapambo ya kamba za kufungwa mafundo yanayoning'inizwa dirishani yana ndugu yake wa zamani Pwani: susu, ambayo bibi zetu waliitundika jikoni na kuweka chungu juu yake ili paka asifikie. Na ni nani kati yetu hakukulia kwenye sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya makochi? Mama aliyevifuma vitambaa hivyo ukimpa uzi wa pamba wa rangi ya krimu, atakufumia pambo la ukutani kabla ya mtoto kuzaliwa, na litakuwa na mkono wake ndani yake.

Kwa mapazia mimi nachagua amerikani, ile pamba isiyopaushwa. Karne ya 19 ilikuwa ikishushwa Zanzibar kwa meli kutoka Salem, Massachusetts. Ina rangi ya maziwa yaliyoganda, inapitisha hewa, inafulika, na kila inapofuliwa inazidi kuwa laini. Hapa kuna jambo la kuwasikiliza wazee. Shangazi alipoona picha za chumba cheupe kitupu alisema, "Mwanangu, nyeupe yote hii mnamlaza mtoto kwenye sanda?" Sikumpuuza. Kwetu kitambaa cheupe kina kumbukumbu zake, na utulivu wa chumba hauwezi kujengwa juu ya wasiwasi wa bibi na shangazi watakaokuja kumpokea mtoto. Jibu si kurudi kwenye waridi. Ni kuhama kutoka nyeupe kavu kwenda kwenye krimu, rangi ya udongo, kahawia ya mninga, na kisha kutandika kanga moja kwenye kiti cha kunyonyeshea. Kanga moja tu, nyekundu na nyeusi, yenye pindo na jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake.

Kanga hiyo inajibu pia lawama nyingine ninayoisikia mara kwa mara, kwamba vyumba hivi vinamnyima mtoto rangi. Mtoto mchanga anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, karibu sawa na umbali kati ya titi na uso wa mama. Kinachomvuta ni sura ya mtu na mistari yenye tofauti kali ya giza na mwanga. Uwezo wa kutofautisha rangi unakua taratibu katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo ukuta wa mbali, uwe wa krimu au wa njano, kwake ni ukungu tu. Anachokiona kweli ni mama yake na kanga aliyojitanda. Chumba tulivu kinamsaidia zaidi mzazi, yule anayeamka saa tisa usiku kunyonyesha huku kichwa kinamzunguka. Sioni aibu kusema tunapamba kwa ajili yake pia. Anastahili.

Tena rangi zilizopoa zina faida ya kiafya ambayo haizungumzwi vya kutosha. Vipimo vilivyofanywa katika nchi nyingi vimekuta madini ya risasi kwa wingi zaidi kwenye rangi za mafuta zinazong'aa, hasa njano na nyekundu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Nunua rangi ya maji, soma kopo, na kama nyumba ni ya zamani usimruhusu fundi kukwangua rangi ya zamani ikiwa kavu wakati mama mjamzito yupo ndani. Vumbi lile ndilo lenye sumu.

Sasa kitanda. Keko, Dar es Salaam, seremala atakutengenezea cha mninga kwa vipimo vyako, na wengi wao wana mkono mzuri. Fundi atakuuliza, "Dada, nikuwekee na maua hapa kichwani?" Mwambie hapana, akuachie mbao zilivyo, azipige msasa mpaka zisiwe na kibanzi. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki. Godoro liwe gumu na lijae kitanda kizima. Ndani yake kisiwemo kitu kingine ila mtoto, amelala chali. Wapiga picha wa boho wanapenda kuzungushia kitanda mto mrefu uliosokotwa kama nywele, na kujaza vidoli vya sufi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kupiga marufuku uuzaji wa mito ya kuzungushia vitanda vya watoto, kwa sababu ya hatari ya kukosa hewa. Shanga za mbao na kamba ndefu nazo zitundikwe ukutani, mbali na mkono wake. Huu ndio upande wa mtindo huu ambao sitautetea kamwe.

Nikija kwenye chandarua sitaki mzaha. Picha nyingi zinaonyesha shashi nyembamba iliyoning'inizwa juu ya kitanda, imefunguliwa mbele kama pazia, inaishia kwenye mto. Inapendeza, na mbu anaingia kwa miguu yote sita. Afrika, karibu robo tatu ya wanaokufa kwa malaria ni watoto wa chini ya miaka 5. Chandarua chenye dawa ndicho pambo la kwanza la chumba cha mtoto wa kwetu, hata kama ni kile cha bluu mlichopewa kliniki. Kitundike dari ya juu, kishuke mpaka chini, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Ukitaka kipendeze, mwambie fundi akuchongee pete ya mbao ya kukishikia, hilo linatosha. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, kianikwe kivulini, kwa sababu jua kali huiua dawa.

Najua wengi mtasema hamna chumba cha mtoto. Hata sisi tulianza na kona ya chumba chetu, na wataalamu wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake, angalau miezi 6. Kona inahitaji kitanda, chandarua, kikapu kimoja cha nepi, kiti, na ukuta msafi. Mimea iache nje kwanza, hasa ile yenye majani makubwa ya madoa meupe inayoitwa Dieffenbachia, maana utomvu wake huunguza mdomo. Majani makavu ya kwenye chupa nayo yanakusanya vumbi, sioni faida yake.

Jambo moja la Pwani msilisahau: unyevu. Mkeka na vikapu vikikaa chumba kisichopata hewa miezi ya masika vinaota ukungu, na ukungu si wa mapafu ya mtoto. Vitoe nje kila jua likichomoza vizuri, vikung'ute, vigeuze. Na kama mtoto wako anatarajiwa Mei au Juni, mpigie msukaji simu Januari, kwa sababu mvua zikishaanza majani hayakauki, na mkeka uliosukwa kwa majani mabichi husinyaa na kuachia mishono.